Lesi za Honiton na Haki ya Mshonaji

Tulipofika Honiton, mji mdogo wa Devon, Uingereza, tuliingia katika Makumbusho ya Allhallows kutazama lesi za kale. Waridi na majani yalisukwa kwa nyuzi nyembamba mno, juu ya mto, kwa vijiti na pini. Kipande cha upana wa kiganja kilikula saa nyingi za mwanamke.

Mwaka 1809 John Heathcoat alisajili mashine ya kufuma wavu wa lesi. Mwaka 1816 wavunja mashine walikivamia kiwanda chake cha Loughborough, naye akahamia Tiverton, humu humu Devon. Wavu ukawa rahisi, na waliokuwa wakiufuma kwa mkono wakakosa riziki. Waliosalia waliyashona maua yao juu ya wavu wa mashine. Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840, lesi yake ilitoka kwa wanawake wa kijiji cha Beer na jirani zao.

Tulizikumbuka kofia zinazoshonwa kwetu Lamu, kitundu baada ya kitundu, zikishindana sokoni na za mashine. Mashine hupunguza bei. Haki ya mshonaji haipunguzi. Tununuapo kazi ya mkono, tusimpunje aliyekesha.