Pipa la Maji Moto Linapovuja



Kama unaishi Mbeya, Iringa au Njombe, unaijua baridi ya Juni na Julai. Maji ya bomba huuma vidole. Asubuhi nyingine majani ya bondeni huwa na barafu nyembamba. Kwa hiyo watu wa huku hupasha maji moto kwenye pipa. Utayaona mapipa hayo nyuma ya nyumba za wageni, kwenye mabweni ya shule na kwenye zahanati.

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Nilianza kazi wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Baadaye nilihamishiwa wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Kote nimeyakuta mapipa ya maji moto, na kote nimeyakuta yakivuja. Leo tuzungumze juu ya pipa moja tu.

Pipa hilo lilikuwa nyuma ya zahanati ya kijiji kimoja huko Mufindi. Lilikuwa la lita 200. Lilikaa juu ya matofali, na moto ulikokwa chini yake. Ubavuni lilikuwa na tundu, shibiri moja kutoka chini. Katika tundu hilo lilitoka bomba la chuma la nusu inchi. Bomba liliteremka kidogo, likapiga kona, likaenda bafuni. Akina mama waliojifungua walioga huko.

Darasa letu la kisomo lilikutana alasiri, karibu na zahanati. Siku moja ya Julai mama mmoja alifika darasani amekasirika. Binti yake alikuwa amejifungua usiku.

"Mwalimu," aliniambia, "mwanangu ameoga maji mawili matatu tu ya kujipaka. Jioni pipa lilijaa mpaka juu. Nimeliona kwa macho yangu. Maji yamekwenda wapi?"

Lilikuwa swali zuri. Tukafunga madaftari, tukaenda kuliangalia pipa.

Kwenye kona ya bomba tulikuta kitambaa kimefungwa kwa kamba. Kilikuwa kimelowa, na maji yalidondoka. Mtu angesema, "Ni matone tu." Lakini wanakisomo walikuwa wameanza kujifunza hesabu za kuzidisha. Tukaweka jagi la lita 1 chini ya kona, tukatazama saa. Jagi lilijaa kwa dakika 10.

Fanya hesabu pamoja nasi, ndugu msomaji. Dakika 10, lita 1. Saa moja ina dakika 60, kwa hiyo ni lita 6. Toka saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi ni saa 12. Zidisha 6 kwa 12. Utapata lita 72. Hizo ni ndoo kubwa tatu za lita 20, na lita 12 juu yake. Maji hayo yalitekwa na watu, yakapashwa kwa kuni zilizobebwa kichwani, kisha yakamwagika gizani. Na zaidi ya hayo, mzazi aliamka akakosa maji ya kuoga.

Mganga wa zahanati alituruhusu tulitengeneze. Katika darasa letu alikuwamo mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha chai. Alikuwa na spana mbili za kushikia bomba. Alitaka kuifungua ile kona mara moja. Yule mama akamzuia.

"Subiri kwanza, baba," alisema. "Paka jivu."

Alikifungua kitambaa, akalifuta bomba lote mpaka likakauka. Kisha akachota jivu kavu, akalipaka kuanzia kwenye pipa mpaka kwenye kona. Tulingoja kidogo. Jivu la kwenye kona lilibaki jeupe. Jivu lililokuwa karibu na pipa, pale bomba linapoingia kwenye tundu, ndilo lililogeuka jeusi kwa maji. Maji yalikuwa yakivuja pale, yakatambaa chini ya bomba, yakaja kudondoka kwenye kona. Kitambaa kilikuwa kimefungwa mahali pasipo na ubovu wowote.

Shika jambo hili, ndugu msomaji. Maji hudondoka mahali pa chini, lakini huenda yanavuja mahali pa juu. Kausha kwanza, ndipo utafute. Jivu kavu au karatasi kavu vitakuonyesha.

Kazi yenyewe tuliifanya kwa utaratibu huu.

Kwanza, tulizima moto na kuacha maji yapoe. Usifungue kamwe kiungo cha bomba maji yakiwa ya moto. Yatakuunguza mkono na uso.

Pili, tulitoa maji mpaka yakashuka chini ya tundu. Hatukuyamwaga. Yalitumika kufulia nguo za zahanati.

Tatu, tulifungua nati. Mzee alishika bomba kwa spana moja, akazungusha nati kwa spana ya pili. Ukitumia spana moja tu, bomba lote litazunguka, na utaharibu viungo vingine vilivyo vizima.

Nne, tulitazama ndani. Mpira ulioziba kati ya nati na pipa ulikuwa mgumu na umepasuka. Hilo si ajabu. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hunywea. Kila siku kiungo husogea kidogo, na mpira huzidi kukauka. Tulikata mipira miwili mipya kutoka katika tyubu ya gari. Mmoja wa ndani ya pipa, mmoja wa nje.

Tano, tulisugua kutu kwenye hesi za bomba, yaani ile mistari inayozunguka ambayo nati hupandia. Kisha tukazungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, mara sita. Tazama ncha ya bomba, halafu zungusha tepu kama mshale wa saa unavyokwenda. Ukizungusha kinyume, nati itaisukuma tepu na kuifumua. Kule Rungwe niliwahi kumwona fundi akitumia nyuzi za katani zilizopakwa rangi badala ya tepu. Nazo huziba vizuri.

Sita, tulikaza nati. Mzee alikaza mpaka mpira ukabanwa, akaacha. Ukikaza kupita kiasi, mpira hukatika.

Mwisho, tulijaza maji na kupaka jivu tena. Jivu lilibaki kavu. Lakini mzee hakuridhika. Alisema kiungo kinachoshika maji baridi huweza kuvuja maji yakiwa ya moto. Tukawasha moto, tukangoja. Kweli, tone moja lilitokea. Tukauzima moto. Pipa lilipopoa, mzee alikaza nati robo mzunguko. Tukawasha tena. Safari hii jivu lilibaki jeupe.

Neno moja juu ya mfuniko. Pipa lile lilifunikwa kwa bati lisilokazwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa zaidi ya mara 1,000. Pipa lililozibwa kabisa juu ya moto linaweza kupasuka na kuua watu.

Asubuhi mama yule alikwenda kuchungulia pipa. Maji yalikuwa juu, pale pale yalipoachwa jioni. Binti yake alioga, na mzazi mwingine akaoga baada yake. Kisha mama akaomba chaki yangu. Aliandika ukutani, juu ya pipa, polepole, herufi moja moja: MPIRA UMEBADILISHWA JULAI. UTAZAMWE TENA JANUARI.

Je, nyumbani kwako au shuleni kwa watoto wako kuna kiungo kinachovuja? Leo jioni weka kopo chini yake, utazame saa. Piga hesabu ya usiku mzima, uiandike katika daftari lako. Kesho chukua jivu kavu, utafute mahali maji yanapotokea.