Mgeni na Upanga Katika Jiji la London

Wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe. Methali hii nilifundishwa shuleni, nami nikaifundisha nilipokuwa mwalimu, kabla sijahamishiwa ofisini. Lakini maana yake kamili niliipata mwaka 2018, nikiwa nimeketi kwenye benchi katika jiji la London, na upanga juu ya mapaja yangu.

Nilikuwa nimepelekwa Uingereza kwa mafunzo ya miezi mitatu ya utunzaji wa majalada. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu, mkaaji wa mji mdogo wa kusini. Mzee huyu alikuwa na burudani ambayo kwetu ni ngeni: yeye na wenzake huvaa mavazi ya Zama za Kati, wakashika ngao na mikuki, wakaigiza vita vya kale. Vita walivyovienzi zaidi ni vile vya Hastings, vya tarehe 14 Oktoba 1066, ambapo William wa Normandy alimshinda Mfalme Harold. Kwa kawaida maigizo hayo hufanywa mwezi wa Oktoba mahali penyewe palipopiganwa, katika mji uitwao Battle, jina ambalo maana yake ni vita.

Jumamosi moja mzee alinialika tufuatane hadi London kuchukua upanga wake mpya kwa fundi, kisha tutazame silaha za kale katika nyumba ya makumbusho. Hapo ndipo tulipokosea mpango. Tulianza kwa fundi, na mlangoni pa makumbusho tukakataliwa kuingia na mzigo ule. Mzee akaniomba nimngojee nje kwa dakika kumi.

Nami, kwa udadisi wa mtoto, nikafungua mfuko ili nitazame mpini. Upanga wenyewe ulikuwa butu. Usingekata hata muhogo uliochemshwa. Lakini wapita njia hawakuyajua hayo. Mama mmoja alimvuta mwanawe wakavuka barabara. Punde wakaja askari wawili.

"Bwana, weka kitu hicho chini, na mikono yako tuione."

Marehemu baba yangu alikuwa sajini wa polisi, nasi tulilelewa kambini. Alitufundisha kwamba mtu akisimamishwa na askari asifanye mambo matatu: asikimbie, asibishe, asitie mkono mfukoni. Niliyatii mafunzo yake, ingawa magoti yalinitetemeka. Pasipoti yangu ilikuwa imebaki chumbani. Niliwaza juu ya masomo yangu kukatizwa, juu ya mke wangu kupata habari kwa watu baki, na juu ya jina la baba kutajwa ovyo kwa ajili ya upanga usio wangu. Nilisema kwamba mwenyewe ni mzee aliye ndani, nami nikasikia jinsi maneno yangu yalivyofanana na uongo.

Mzee alitoka, akatoa risiti ya fundi na barua ya chama chake. Tuliulizwa mengi, tukaonywa, tukaachwa twende zetu. Mzee alikuwa akitabasamu. Kwake yeye lilikuwa jambo la kusimulia jioni. Kwangu mimi ilikuwa nusu saa ndefu kuliko zote nilizopata kuishi. Ndani ya treni nilimwambia hivyo bila kuficha. Alinyamaza kwa vituo viwili, kisha akaniomba radhi.

Kwa hiyo, ikiwa una ndugu au rafiki apendaye burudani hii, naye anakusudia kuzuru jiji lile, mpe nasaha hizi.

Kwanza, aijue sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inakataza kuwa na kitu chenye makali au ncha kali mahali pa umma bila sababu njema, isipokuwa kisu kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Kifungo chaweza kufika miaka 4. Kwamba upanga ni butu si kinga. Kwenda kwenye maigizo na kurudi kwaweza kuwa sababu njema, lakini anayepaswa kuithibitisha ni mbebaji mwenyewe.

Pili, upanga ufungwe barabara ndani ya mfuko, usifunguliwe njiani, wala usiachiwe mtu mwingine. Barua ya chama na karatasi ya mwaliko ziwe karibu. Siku ya matembezi, silaha zibaki nyumbani.

Tatu, atenge siku ya kutazama tu. Wallace Collection, iliyoko Manchester Square, ilifunguliwa kwa umma mwaka 1900 na haina kiingilio. Humo mna deraya kamili ya mtu na farasi wake ya miaka ya 1480 hivi. British Museum, nayo bila kiingilio, ina kofia ya chuma ya karne ya 7 iliyofukuliwa Sutton Hoo mwaka 1939. Ngome ya Tower of London ina kiingilio, lakini humo umo Mnara Mweupe, ulioanzwa kujengwa kwa amri ya William yule yule wa Hastings.

Nne, asafiri baada ya saa za watu kwenda kazini. Katika ngazi za umeme za treni za chini ya ardhi, anayesimama hukaa kulia, na anayepanda kwa miguu hupita kushoto. Mwenye mzigo mrefu asipoijua desturi hii atachukiza watu wengi.

Wasomaji wetu walio askari watapenda kujua hili pia: upanga wa mkono mmoja wa zama zile kwa kawaida haukuzidi kilo moja na nusu. Deraya kamili ya karne ya 15 ilikuwa na kilo 20 hadi 25, ikagawanywa mwili mzima. Askari wa leo mwenye shehena mgongoni asiwaonee huruma mno wale wa kale.

Niliporudi nyumbani, nilipanda darini nikateremsha mkuki wa babu, uliokuwa umeviringishwa katika gunia tangu baba alipofariki. Niliusafisha kutu, nikauonyesha kwa wanangu, nikawaeleza ulikuwa wa nani. Mdogo aliomba autoe nje akawaonyeshe wenzake. Nikamjibu kwamba wenzake wanakaribishwa kuja kuutazama humu ndani, nikiwapo.