Rika Lisiloulizwa

Sisi wanawake tuliokulia Kimamba na Kilosa mjini, enzi za mashamba ya mkonge, tulifundwa na makungwi kwamba ya chumbani hayatoki nje. Tukashika. Mwenzetu akipigwa usiku, asubuhi tulimkuta bombani kajitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Tukasalimiana, tukateka maji, tukaondoka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kukataza mtu kumcharaza mwenzi wake, lakini kwetu hakuna aliyekuja kutusomea.

Yaliyozuiwa mdomoni yakatokea mwilini. Zahanati tulipeleka kichwa, tumbo la kusokota, mikono inayotetemeka, usingizi unaokatika saa nane za usiku. Tukapewa dawa za maumivu, tukarudi kulekule.

Ndiyo maana mjukuu wangu muuguzi aliponisomea maswali 20 ya Shirika la Afya Duniani ya kupima afya ya akili, niliwaona wenzangu mmoja mmoja. Yanaanza na kichwa, hamu ya kula na usingizi. Kilio na mawazo ya kujiua huja baadaye. Aliyeyapanga hivyo aliwajua wanawake. Maswali hayo yalitumika Dar es Salaam na Mbeya mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi Dar, na 56 Mbeya, walipigwa au kuingiliwa kwa nguvu na wenzi wao. Waliotendewa hayo ndio waliokuwa na dhiki zaidi ya moyo.

Ila waliohojiwa walikuwa wa miaka 15 hadi 49, na maswali yanahusu wiki 4 zilizopita. Hapo ndipo panaponiuma. Bibi wa Mikumi mwenye miaka 70, mumewe kazikwa zamani, bado anaruka mlango ukibamizwa. Huyo anapimwa na nani? Kwenye daftari la kliniki ni mzee wa presha, basi.

Nawaomba wauguzi wetu: akija bibi na kichwa kisichopona, msimuulize mbele ya mwanawe aliyemleta. Mwiteni faragha, mumuulize alipigwa na nani, na tangu lini. Wengi watakana. Akirudi kliniki ijayo, muulizeni tena.