Makaratasi ya ndoa zetu

Wamama wenzetu, tangu mwezi wa kwanza baadhi yetu tunakutana kila Alhamisi jioni darasani, wanafunzi wakisharudi nyumbani. Tuko wanawake sita. Waume zetu wako Marekani, wengine Kentucky, wengine Ohio na Iowa, na karibu wote walipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 wakati watu wengi wa Uvira na Fizi walipovuka ziwa kukimbia vita. Wawili kati yetu ni walimu tuliosomea ISP, ndiyo maana kalamu imeangukia kwetu. Mmetuuliza mara nyingi tunafanya nini mle ndani. Tunatafuta makaratasi ya kuonyesha kwamba sisi ni wake za waume zetu.

Jambo hilo linachekesha mpaka likufikie. Hapa mtaani nani haijui ndoa yako? Mahari ilipokelewa mbele ya wajomba, wamama waliimba mpaka usiku, pasta au padri alibariki, watoto wanabeba jina la baba yao. Kasenga nzima ni shahidi. Lakini afisa atakayefungua faili hajakanyaga Kasenga. Kwake ndoa ni ile iliyoandikwa na leta. Kode ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwezi wa saba 2016, inasema ndoa ikifungwa katika familia, mume na mke waende kwa afisa wa etasivili ndani ya mwezi mmoja. Inasema vizuri. Ila kuna vijiji vya huku ambako ofisi iko safari ya siku nzima, na mwaka wa kukimbia risasi hakuna anayetafuta muhuri.

Tulianza na hesabu ya siku. Mume aliyeingia Marekani kama mkimbizi anaweza kumwombea mke wake, na watoto wasio na ndoa wenye umri chini ya miaka 21, kwa fomu inayoitwa I-730. Fomu hiyo hailipiwi. Lakini inapaswa kupelekwa ndani ya miaka miwili tangu aingie, na ndoa iwe ilikuwapo kabla hajaingia. Muda ukipita bila sababu nzito, inabaki fomu I-130. Hiyo inalipiwa, na mume anapaswa kwanza awe na grinikadi au uraia. Mwenzetu mmoja anauza ndagala pale Kalundu. Tulipohesabu tarehe za mume wake tulikuta zimebaki wiki kumi na moja. Jioni ile hakuna aliyeleta habari nyingine.

Na yeye ndiye aliyekuwa na mikono mitupu. Mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa nne 2020, nyumba yake ilikwenda na sanduku lote: picha za harusi, kadi za ubatizo, barua ya mahari. Alisema, «Basi mimi sina ndoa tena.» Tulimwambia atulie, tukaanza kumuuliza swali moja: ni wapi pengine jina lako limeandikwa karibu na la mume wako?

Hapo ualimu ulitusaidia. Sheria yao inakubali kwamba karatasi ya leta ikikosekana, unaweza kuonyesha ya kanisa au ya masomo. Hizo nazo zikikosekana, walete barua watu wasiopungua wawili, ambao si wenye kesi na ambao waliona kwa macho yao. Sisi tunajua kinachoandikwa mtoto anapoingia mwaka wa kwanza: jina la baba, jina la mama, anwani, sahihi ya mzazi. Direkta alitufungulia kabati la zamani. Mchwa walikuwa wamekula pembe za registri, lakini ukurasa wa mwaka 2013 ulikuwa mzima. Majina yote mawili yalikuwapo, na sahihi ya mume wake kwa wino wa buluu. Aliiwekea kidole akakaa kimya, kisha akasema, «Aliandika mbiombio, mtumbwi ulikuwa unamngojea.»

Baada ya siku ile kila mmoja wetu alianza kupekua. Kadi ya kliniki ya ujauzito, ambapo muuguzi aliandika jina la mume. Daftari la AVEC, ambamo mwenzetu alimtaja mume wake kama mtu wa kumridhi. Kijitabu cha mjomba chenye hesabu ya mahari, mbuzi kwa mbuzi. Risiti za pesa zilizotumwa. Ujumbe wa WhatsApp nao tuliuchapisha, tukachagua wa ada ya masomo na wa mtoto kuugua malaria. Ule mwingine ubaki wa wenyewe!

Kilichotuchosha zaidi ni majina. Kadi ya uchaguzi inasema Byamungu, kadi ya ubatizo Biamungu, na mume kambini aliandikwa kwa sikio la karani. Hatukufuta wala kusahihisha kitu. Tuliomba wazee wawili waandike kwamba wanamfahamu mtu huyo na kwamba majina hayo yote ni yake. Tafsiri kwa Kiingereza aliifanya mwalimu mwenzetu. Anayejua lugha zote mbili anaweza kutafsiri, mradi aandike na kutia sahihi kwamba anazijua na kwamba tafsiri ni kamili.

Kuna watu wanaopita wakiuza cheti cha ndoa chenye tarehe ya zamani. Mmoja alitufuata mpaka mlangoni na mihuri mfukoni. Tulimrudisha. Karatasi ya uongo ikigunduliwa, mtu anaweza kufungiwa mlango wa Marekani maisha yake yote. Afadhali cheti cha mwaka huu kinachosema ukweli kwamba tulioana 2009. Na mabinti wanaotaka kuolewa kwa simu, mahari ikipokelewa hapa na bwana akiwa kule, wasikie hili: ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja mahali pamoja haihesabiki kule, isipokuwa baadaye wamekutana na kuishi kama mume na mke. Bwana aje, hata Bujumbura, na muhuri wa pasipoti utunzwe.

Kuna neno lililo gumu zaidi kuliandika. Mume ndiye anayeomba na kutia sahihi, sisi tunamkusanyia tu. Wengine kambini walijiandikisha kuwa hawajaoa, wakidhani safari itakuwa rahisi. Ofisi haikatai hapo hapo, lakini itauliza, na yeye ndiye wa kujibu. Na mmoja wa sisi sita, faili yake imekamilika tangu mwezi wa tatu, nzuri kuliko zote, na simu ya mume haipokelewi. Hatukumwambia aache kuja. Kwa ajili ya faili hiyo alikwenda tribinali na kuwapatia watoto wake watatu hukumu ya kuzaliwa, kwa sababu siku 90 za kuandikisha bila hukumu zilikuwa zimepita zamani. Karatasi hizo ni za watoto, baba apokee simu au asipokee.

Faili ya muuza ndagala iliondoka zikiwa zimebaki wiki tatu. Mume wake ametuma picha ya karatasi ya kupokelewa. Jibu lenyewe bado, na baada yake kuna mahojiano Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,500 kwa ndege, ambayo nauli yake tumeanza kuiweka kwenye AVEC.

Alhamisi hii tunaandika barua za mashahidi. Mwenye mzee aliyekuwapo siku ya mahari yake aje naye, na fotokopi ya kadi ya uchaguzi ya mzee huyo. Kila kitu kiwe ndani ya mfuko wa plastiki, maana ziwa bado liko juu na mvua haijaisha.