Kuisaka theluji ya mwisho chini ya Mont Blanc

Mwambie Mkenya kwamba mji wa Chamonix, Ufaransa, ulioandaa Olimpiki za kwanza za majira ya baridi mwaka wa 1924, uko chini kuliko Kisumu. Atakucheka. Lakini ndivyo ilivyo. Chamonix uko mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, nao Kisumu umepita 1,100. Nairobi, kwa karibu mita 1,700, ungekuwa huko juu miteremkoni kwenye wachezaji.

Hata Mont Blanc wenyewe, ulioinamia mji huo, una mita 4,800 hivi, ilhali Kirinyaga wetu una mita 5,199. Tofauti ni ikweta. Kwetu theluji hufuatwa kwa miguu siku kadhaa. Kwao huja yenyewe hadi mlangoni wakati wa baridi, kisha kufikia Aprili huanza kurudi juu polepole. Ukitaka kuiona wakati huo, unaifuata kwa gari.

Niliifuata kutoka Geneva, Uswisi, shemeji yangu anayeishi huko akiwa usukani. Ni kilomita 80 hivi, pungufu kidogo ya Nairobi hadi Naivasha. Tangu tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, sheria ya Ufaransa hutaka gari lipandalo milima hiyo liwe na magurudumu ya baridi au minyororo ya kuyafunga. Sisi tulikuwa tumeipita tarehe hiyo, lakini minyororo ilikuwa ndani ya buti.

"Shemeji, mlima hausomi kalenda," aliniambia.

Ukishaingia Ufaransa unashika barabara kuu ya A40, ambayo ni ya kulipia kama ile ya juu ya Nairobi iliyofunguliwa 2022. Mwanzoni ni mashamba mabichi, ng'ombe na miti iliyochanua. Ungedhani uko Limuru. Kisha bonde linabanwa na majabali pande zote mbili. Karibu na mji wa Sallanches utaona maji yakianguka kutoka kwenye jabali, ni maporomoko ya Arpenaz, na katika majira hayo huwa yamejaa kwelikweli. Theluji inayeyuka.

Mbele kidogo barabara inapanda juu ya daraja refu la zaidi ya kilomita mbili, lililobandikwa ubavuni mwa mlima. Hapo ndipo nilipokumbuka matrela ya Mai Mahiu. Malori yamepangana yakipanda kwa kukoroma, yakielekea Italia kupitia handaki la Mont Blanc, lenye kilomita 11.6, lililofunguliwa 1965. Machi 24, 1999, lori moja lilishika moto humo ndani na watu 39 wakafa. Handaki lilifungwa karibu miaka mitatu. Siku hizi dereva akiingia hulazimika kuacha nafasi kubwa kati yake na gari la mbele, na kamera zinamtazama. Mtu akitaka kujua kwa nini madereva wa Ulaya wana nidhamu, naona sababu moja ni hiyo.

Tulipofika bondeni, theluji haikuwapo. Nyasi zilikuwa zimechomoza, na miteremko ya chini ilikuwa na michirizi ya kahawia ambapo watu walikuwa wakiteleza majuma machache tu yaliyopita. Mizinga ya kutengenezea theluji, ambayo hurusha matone ya maji yagande hewani usiku wa baridi kali, ilikuwa imesimama kama majembe baada ya mavuno.

Ilitubidi kuendelea hadi kijiji cha Argentière, kisha kupanda kigari cha kuning'inia kwenye waya hadi Lognan, karibu mita 2,000. Huko, naam, kulikuwa kweupe pe!

Theluji ya mwisho wa msimu ina saa zake. Usiku huganda, na asubuhi mapema ni ngumu kama simiti. Jua likiipiga hulainika juu juu, na wenye kujua huteleza wakati huo kwa raha zao. Mchana huwa imeloa kama uji, huyashika miguu, na katika miinuko mikali yaweza kuporomoka. Kwa hiyo kazi ni ya asubuhi. Watoto wadogo, ambao kwetu wangekuwa chekechea, walinipita wakishuka bila hata fimbo za kujishikilia.

Hapo utamheshimu Philip Boit wetu, mtu wa Eldoret, aliyeshiriki mbio za theluji za Olimpiki ya Nagano mwaka wa 1998. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja kwenye utepe amkumbatie. Miaka 20 baadaye, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, aliteremka milima ya PyeongChang akiwa na bendera yetu.

Alasiri tulipanda gari la moshi la Montenvers, ambalo reli yake ilikamilika 1909, kwenda kutazama Mer de Glace, yaani bahari ya barafu. Wageni wa zamani walishuka kituoni na barafu ikawa karibu nao. Kwa miaka mingi sasa ilibidi kuteremka ngazi, na kila barafu ilipozama ngazi ziliongezwa, hadi zikapita 500. Kando ya njia kulikuwa na vibao vya miaka: hapa ndipo barafu ilipokuwa 1990, hapa 2010. Mwaka wa 2024 kikafunguliwa kigari kipya mbele zaidi bondeni, kuifuata ilikokimbilia.

Huwezi kusimama hapo usiwaze Lewis, barafu kubwa ya Kirinyaga. Kati ya 1934 na 2010 ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake, na haina vibao vya kumwonyesha mgeni.

"Wazee wa hapa huwa wanasema nini?" nilimuuliza shemeji.

"Wanauza baiskeli," akajibu.

Na ni kweli. Kwenye maduka ya Chamonix jioni ile, mbao za kutelezea zilikuwa zimeshushwa bei, na baiskeli za milimani zilikuwa zikipangwa dirishani. Tulirudi Geneva tukiufuata mto Arve, uliojaa pomoni, maji yake ya kijivu yakienda kasi kutuzidi.