Siku Niliyosema Kulikuwa na Ukungu

Shangazi yangu alifundisha historia maisha yake yote, na alipostaafu alikuwa na ombi moja: aione Cusco. Mji ule wa Peru alikuwa ameufundisha kwa chaki tu. Makao ya Wainka, Pizarro akaingia mwaka 1533, Wahispania wakapandisha makanisa na majumba yao juu ya kuta zilezile za mawe walizozikuta. Alipokuja Marekani kututembelea mimi na mke wangu, nikamwambia, "Shangazi, safari niachie mimi."

Siwezi kujitetea kwamba sikujua. Mimi ni mtoto wa Marangu. Ujanani nilibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, na neno nililolitamka kuliko jina langu ni pole pole. Usiku wa kwanza unalala Mandara, kama mita 2,700. Wa pili Horombo, mita 3,720. Mwenye hekima anaongeza siku hapo, mwili uzoee. Nimeona vijana wenye vifua kama milango wakitapika pembeni mwa njia huku bibi mwenye mvi akiwapita na fimbo yake.

Cusco iko mita 3,399. Nilipoiona namba hiyo nilicheka. Nikasema huu si mlima, huu ni mji, una teksi.

Mke wangu alikuwa amepanga vizuri zaidi: tukitua tu Cusco tuteremke kwa gari hadi Ollantaytambo, chini ya mita 2,800, tulale siku mbili, twende Machu Picchu, na Cusco yenyewe tuiache mwisho. Nikazifuta zile siku mbili. Gari la ziada la nini? Tuliamka Lima, kando ya bahari, na saa moja na ushee baadaye tulikuwa tunashuka kwenye ndege mahali ambapo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa theluthi moja. Mlima una namna ya kukuchelewesha, nayo ni miguu yako mwenyewe. Ndege haina adabu hiyo.

Mchana ule, lakini, ulikuwa wa shangazi. Kwenye kichochoro cha Hatun Rumiyoc alisimama mbele ya lile jiwe la pembe kumi na mbili, akazihesabu kwa kidole, akahesabu tena. Kule Qorikancha, hekalu la jua ambalo Wadominiko walilijengea kanisa juu yake, alitueleza kama tuko darasa la saba jinsi tetemeko la mwaka 1950 lilivyoliumiza kanisa na kuziacha kuta za Wainka zimesimama. Kisha nikawapandisha ngazi za San Blas. Alipumzika mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Mwanangu, mbona kichwa kinanigonga?"

Nikamjibu ni wale samaki wabichi aliokula Lima.

Usiku alitapika hadi alfajiri. Hotelini wakaleta chai ya koka, halafu mtungi wa oksijeni. Wamezoea, hawakushtuka hata kidogo. Mimi nilisimama mlangoni nikiitazama sura ya wagonjwa wa mlimani niliyoijua tangu nikiwa na miaka ishirini, nikaendelea kuzungumzia samaki.

Tiketi za Machu Picchu zina jina, tarehe na saa, na zetu zilikuwa za siku ile. Mke wangu akasema yeye habanduki kitandani kwa mgonjwa. Mimi nikaenda. Nilisema ni ili pesa zisipotee zote. Basi hadi Ollantaytambo, kisha treni iliyofuata mto Urubamba, na kadiri tulivyoteremka ndivyo kichwa changu, ambacho nacho kilikuwa kinauma na sikumwambia mtu, kilivyozidi kuwa chepesi. Kufika pale juu ya magofu nilikuwa mzima kabisa, nina njaa. Ndipo hesabu iliponijia. Machu Picchu iko mita 2,430. Iko chini ya Cusco kwa karibu kilomita nzima. Dawa ya kwanza ya maradhi ya mwinuko ni kushuka, nami nilikuwa nimeshuka peke yangu, nikamwacha mgonjwa kule juu.

Anga ilikuwa safi. Mawe yalionekana moja moja, na mlima wa Huayna Picchu nyuma yake kama umechorwa.

Niliporudi usiku alikuwa ameketi, anakunywa supu, macho yamerudi. Akauliza, "Haya, nionyeshe." Nikamwambia simu iliisha chaji, na hata hivyo kulikuwa na ukungu mzito, hakuna alichokosa.

Sasa yuko nyumbani Marangu. Wiki iliyopita nilimpigia, nikamsikia akimweleza jirani habari za Cusco, jiwe na pembe zake, kanisa na tetemeko. Jirani akamuuliza kuhusu Machu Picchu. "Siku ile kulikuwa na ukungu," shangazi akasema. "Hata huyu mwanangu hakuona kitu." Picha arobaini na moja zimo kwenye simu ileile niliyokuwa nimeishika sikioni.