Huyo Alikuwa Nani?

Hulk Hogan alifariki tarehe 24 Julai 2025, na habari hiyo ilitufikia hapa Bunia kwa njia ya simu. Siku tatu baadaye waamini waliokuwa wakikesha kanisani huko Komanda waliuawa, na kwa majuma mengi hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzungumza juu ya michezo. Hivyo ilikuwa tayari mwisho wa Septemba tulipoketi na vijana wa kundi letu baada ya kufagia uwanja wa parokia, na mmoja wetu akalitaja jina lile kwa huzuni ya mtu aliyefiwa na mjomba. Msichana wa miaka kumi na sita akauliza kwa adabu: "Samahani yaya, huyo alikuwa nani?"

Sisi tunaokaribia miaka arobaini tulitazamana bila neno. Machoni petu Hogan ndiye aliyekuwa mwanamieleka mwenyewe, na wengine wote walikuwa wakimwiga. Masharubu ya manjano, fulana aliyoichana kwa mikono yake, kiganja alichokiweka sikioni ili kusikiliza kelele za watu: nani asiyeyajua hayo? Kumbe wapo, na ndio wengi.

Mieleka ya kulipwa, ambayo hapa kwetu kila mtu huiita kwa jina la Kifaransa, catch, ina ubishi usiokwisha: nani mkubwa kuliko wote? Mvulana mmoja alimtetea Roman Reigns, aliyekaa na taji lake siku 1,316 hadi Cody Rhodes alipomvua mwezi wa Aprili 2024. Mwingine alisema John Cena, kwa sababu ya mataji 17. Mwenzetu mmoja, anayependa hesabu kuliko inavyofaa, akakumbusha kwamba Bruno Sammartino, mhamiaji kutoka Italia, alikuwa bingwa wa chama chake huko New York tangu Mei 1963 hadi Januari 1971, yaani siku 2,803 mfululizo. Yule mvulana akajibu: "Sawa, lakini nani alimwona?" Jibu hilo lilituudhi kwanza, kisha likatufikirisha.

Hesabu hizo zote zina kasoro moja. Katika mieleka ya kulipwa mshindi huamuliwa kabla ya pambano. Tulipoambiwa jambo hilo mara ya kwanza na kaka mmoja aliyerudi kutoka masomoni Kisangani, tulikasirika kana kwamba ametukana wazazi wetu. Baadaye tulikubali kwamba kuanguka ni kwa kweli na maumivu ni ya kweli, ila ushindi umeandikwa. Basi siku 2,803 za Sammartino hazipimi nguvu za mikono yake. Zinapima jinsi wenye biashara walivyokuwa na hakika kwamba watu wataendelea kununua tiketi, na watu walinunua, hasa Waitalia wa New York waliomwona mtu wa kwao akiheshimiwa katika nchi ya ugenini.

Mzee anayetunza uwanja alikuwa akitusikiliza huku akinoa panga lake. Akasema: "Wanangu, mnataja watu wa mbali tu. Na Kele Kele?" Kele Kele Lituka alikuwa jina kubwa la mieleka huko Kinshasa enzi za Mobutu. Mzee aliyekuwa ameinama akasimama wima, akapanua mabega, akatuonyesha jinsi bingwa alivyoingia ulingoni, na kwa kitambo kidogo tulimwona kijana aliyekuwa zamani. Vijana walicheka kwa upendo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia jina hilo. Walimjua kidogo Edingwe, aliyevuma Kinshasa baada ya mwaka 2000 katika mieleka ile ya hirizi, ambapo mtu hupulizia mpinzani wake unga, naye akalala usingizi mbele ya umati. (Mzee hakutaka kabisa kulinganisha hao wawili. Alisema mmoja alishinda kwa shingo, mwingine kwa hofu ya watu. Sisi tunaona amezidisha, kwani hirizi ile nayo ni mchezo wa kuigiza, ingawa tunakiri kwamba si kila anayeutazama anajua hivyo, na hilo latusumbua.)

Yako mambo ambayo umaarufu hauyafuati. Gorgeous George alikuwa nyota wa televisheni ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, mwenye nywele za dhahabu, majoho ya fahari na majigambo yasiyo na mwisho, mpaka watu walilipa fedha ili wamwone akipigwa. Alifariki mwaka 1963, naye leo hatajwi. Lakini Muhammad Ali alisimulia kwamba alikutana naye Las Vegas mwaka 1961, akajifunza kwake namna ya kujisifu mbele ya watu. Majigambo yale ndiyo Ali aliyoyaleta Kinshasa, alipompiga George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974. Kwa hiyo mzee wetu, aliyeyasikia kwa redio na kuyakariri, alikuwa akimkariri mwanamieleka asiyemjua hata kwa jina.

Lakini tulipoulizwa sisi wenyewe nani alikuwa mkubwa, hatukuweza kujibu bila kusimulia habari za benchi moja.

Ilikuwa baada ya vita vya 2003. Wazazi wenu watawaeleza zaidi, wakipenda, wengi hawapendi. Mji ulikuwa umegawanyika, na ilikuwako mitaa ambayo mtu wa kabila fulani hakuthubutu kuikanyaga. Makabila hatutayataja hapa, kila msomaji wa Bunia anayajua. Swali "Wewe ni wa wapi?" halikuwa salamu tena. Wapo waliokufa kwa sababu ya jibu lake.

Katika mtaa wetu palifunguliwa nyumba ya video: kuta za miti na udongo, turubai juu, jenereta nyuma, na benchi sita za mbao. Sidii zilitoka Kampala, zikapitia Mahagi, zikafika zimekwaruzika. Picha iliganda mara kwa mara, hasa pale Undertaker alipokuwa akimwinua mtu begani, nasi tulipiga kelele gizani mpaka mwenye nyumba alipoipangusa sidii kwa shati lake. Tuliingia kwa faranga hamsini. Aliyekosa alichungulia kwenye ufa wa ukuta, na hapo pia palikuwa na foleni.

Mwaka 2004 alianza kuja mvulana mmoja mfupi, asiyesema mengi. Alimpenda Rey Mysterio, mwanamieleka mdogo wa kimo anayefunika uso, na kwa kitambaa cha mfuko wa unga alijishonea kinyago chake mwenyewe. Tukamwita Mysterio. Mlangoni siku moja mtu mzima alimwuliza kwao ni wapi. Akajibu haraka kwamba wazazi wake walitoka upande wa Isiro. Sisi tuliokuwa nyuma yake tulisikia jinsi alivyolitamka neno moja, tukajua kwamba si kweli, na tukajua pia kweli yenyewe ni ipi. Alikuwa wa upande ule mwingine.

Hatukusema kitu. Tungependa kuandika kwamba tulinyamaza kwa wema, lakini tulinyamaza kwa sababu pambano lilikuwa linaanza, na yeye ndiye aliyejua kutuchambulia mitindo yote. Mmoja wetu alikuwa amempoteza kaka yake mwaka uliotangulia. Yeye alitoka, akasimama nje karibu na jenereta. Tulihofia atakachokifanya. Baada ya muda akarudi, akaketi pale pale alipokuwa, bega kwa bega na Mysterio, kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa na hapakuwa na nafasi nyingine.

Tulikuja kusoma baadaye kwamba hata nyota wenyewe walijificha hivyo. Nchini Japani, mwaka 1954, watu walikusanyika barabarani mbele ya televisheni ili kumwona Rikidozan akipambana na ndugu wawili, Sharpe. Nchi ilikuwa imeshindwa vitani na kuunguzwa, na pale mtu wa kwao aliwaangusha wageni wakubwa. (Ndugu hao walikuwa Wakanada, lakini watu waliwahesabu kuwa Wamarekani, na hiyo ilitosha.) Wengi wa waliomshangilia hawakujua kwamba shujaa wao alizaliwa Korea. Alilificha jambo hilo mpaka alipofariki mwaka 1963. Kofi Kingston alizaliwa Ghana, naye kwa miaka ya kwanza aliletwa ulingoni kama mtu wa Jamaika. Tarehe 7 Aprili 2019 alipotwaa taji kuu alikuwa ameshajulikana kwa asili yake, na tulilia machozi mbele ya simu ndogo yenye kioo kilichopasuka. Wavulana wa kundi letu wanamweka Kingston mbali chini ya Reigns. Kwa mataji wana haki.

Hata vinyago vina historia yake. El Santo wa Meksiko alijifunua kidogo mbele ya kamera mwanzoni mwa 1984, akafariki baada ya siku chache, akazikwa na kinyago chake. Huko huko alikuwako padre aliyepigana mieleka kwa miaka ishirini na mitatu kwa jina la Fray Tormenta, uso umefunikwa, ili kuwalisha yatima aliokuwa akiwalea. Vijana walitaka habari zake zaidi kuliko za wengine wote, na tumewaahidi siku nyingine.

Kuhusu Hogan hatukumficha yule msichana lolote. Tulimweleza usiku wa Machi 1987 alipomwinua André the Giant mbele ya uwanja uliojaa pomoni. Tulimweleza pia kwamba mwaka 2015 yalifichuliwa maneno yake ya kuwadharau watu weusi, kwamba kampuni ilimfuta kisha ikamrudisha mwaka 2018, na kwamba sisi, tuliokuwa na picha yake ukutani, hatukujua tufanye nini na picha hiyo. Mmoja aliiondoa. Mwingine anayo mpaka leo, imegeuzwa nyuma mbele. Msichana alisikiliza, akasema: "Kwa hiyo mlimpenda, naye asingewapenda." Hatukuwa na jibu.

Jioni ile tulimpigia simu Mysterio, ambaye sasa ni fundi wa pikipiki huko Arua, na tukafungua sauti ili vijana wasikie. Tulimwuliza nani mkubwa kuliko wote. Alicheka, akataja jina ambalo mlilitarajia, akaanza kutoa hoja zake kama zamani. Aliyekuwa amesimama karibu na jenereta mwaka ule alikuwa ndiye aliyeshika simu, naye alimkatiza akimtetea Undertaker. Walibishana mpaka salio likaisha.

Kabla halijaisha aliuliza kama nyumba ya video ipo. Tulimwambia mahali pale panauzwa saruji. Amesema atakuja Desemba hata hivyo, na atakuja na watoto.